Difu Lililolia Kabla ya Hamsini na Saba

Sauti ilianza Ruaha Mbuyuni, pale mibuyu inaposimama kama wazee waliosusia baraza, na vitunguu vinaning'inia kando ya barabara kwenye neti nyekundu. Nilidhani ni upepo. Shemeji akapandisha kioo, sauti ikabaki mle ndani pamoja nasi: mlio mwembamba wa kuvuta, kama mtoto wa jirani anayejifunza zumari. Akikanyaga mafuta, unapanda. Akiachia, unakatika. Tulipoukwea Mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori yaendayo Zambia na Kongo, zumari iligeuka ngurumo, ikapanda kupitia kiti mpaka kwenye meno yangu.

"Difu," Shemeji akasema, kama anayemtaja ndugu mkorofi.

Tulikuwa tunakwenda Matamba, wilayani Makete, kwa mama mkwe wangu. Mimi ni mtu wa Tanga, mke wangu ni Mkinga, na katika miaka sita ya ndoa nilikuwa nimemwona mama yake mara moja tu, siku ya harusi, tena akiwa amezungukwa na shangazi watano. Mke wangu alitangulia kwa basi na watoto. Mimi nikaja na kaka yake kwenye mkonga wake, Land Cruiser ya zamani anayoipenda kuliko anavyokubali kusema. Wiki tatu kabla ya safari, gereji moja ya Dar es Salaam ilikuwa imelibadilishia gari hilo beringi za pinyoni na sili iliyokuwa ikivuja. Kazi ilianza baada ya chai ya asubuhi, ikaisha kabla ya wali wa mchana. Shemeji aliwasifu mafundi wale kwa wepesi wao kila kituo tulichosimama, hadi tulipofika Ruaha Mbuyuni.

Tukapita nyanya za Ilula, mbao za Mafinga na ule upepo wa Makambako unaokufanya ulikumbuke koti uliloliacha nyumbani. Baada ya Igawa ardhi inalala, joto linarudi, na bonde la Usangu linafunguka upande wa kulia, kijani cha mpunga mpaka macho yanachoka. Upande wa kushoto mlima umesimama wima. Huko juu ndiko tulikokuwa tunaelekea, kwa barabara ambayo wenyeji wameiita kwa idadi ya kona zake: Hamsini na Saba.

Shemeji alizima gari Chimala, mguuni pa mlima, akautazama kimya. Kijana wa bodaboda aliyetusikia tukiingia mjini hakungoja kuulizwa. "Hilo mpelekeeni mzee," akasema, "nyuma ya mashine ya kukoboa."

Gereji ilikuwa mwembe mmoja, banda la mabati na meza ya chuma. Mashine ya mpunga ilinguruma upande wa pili wa ukuta na vumbi la pumba lilitua juu ya kila kitu, mpaka kwenye nywele nyeupe za fundi mwenyewe. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaanza: habari za safari, habari za Dar, mvua huko zikoje, wazee wanaendeleaje. Nilijibu nikiwa na haraka moyoni. Mjini sisi tumeshaikata salamu ikabaki "mambo" na "poa", na mtu akiirefusha tunahisi anataka kukopa. Mzee hakutaka kukopa. Alipomaliza habari zote ndipo akauliza swali moja tu.

"Linalia likivuta, au likiachiwa?"

Akapanda nyuma, juu ya ekseli, akatuomba tusiongee. Tulikwenda kilomita mbili na kurudi. Macho alikuwa ameyafumba. Aliposhuka alimwambia kijana wake aweke beseni chini ya difu.

Oili ilitoka na harufu yake ile ya salfa, harufu ya kiberiti kilichozimwa kwenye yai viza. Pinyoni ya difu la aina hii, gurudumu dogo la meno, huikuta krauni, lile kubwa, chini ya kitovu chake, kwa hiyo meno hayasukumani tu, yanateleza pia, jino juu ya jino, kwa shinikizo kubwa. Oili ya injini ingebanwa na kutoroka. Ndiyo maana difu hutiwa oili nzito yenye dawa ya salfa, inayong'ang'ania chuma. Mzee aliizungusha oili kwa kidole juani. Ndani yake palikuwa na kung'aa kidogo, kama magamba ya dagaa.

"Meno yanaliwa," akasema. "Ila bado yapo."

Kwa kuwa niliuliza maswali mengi kuliko mwenye gari, alinipa mpini wa jembe. Mimi nishike ncha moja, kijana wake ashike nyingine, tuuzunguke mwembe bega kwa bega. Kijana alikuwa upande wa shina, akatembea kwa raha zake. Mimi wa nje nikajikuta nakimbia kama punda wa mkokoteni. "Hayo ndiyo magurudumu yako kwenye kona," mzee akasema. "La nje lina njia ndefu, la ndani lina njia fupi. Ukiyalazimisha yazunguke sawa, moja litaburutwa au mpini utavunjika." Difu ndilo linaloyaruhusu yatofautiane huku yote mawili yakiendelea kusukumwa. Kwenye barabara iliyonyooka husikii thamani yake. Sisi tulikuwa na kona hamsini na saba mbele yetu.

Walikitoa kitu chenyewe jioni. Propela shafti kando, shafti za ekseli zikavutwa nusu, bolti zikazunguka, na kijana akalikumbatia lile bonge la chuma kama anayembeba mgonjwa, mpaka mezani. Kwa mara ya kwanza nikaona kinachokaa ndani ya ule uvimbe ulio katikati ya ekseli: krauni, gurudumu la chuma lenye meno yaliyopinda kama mawimbi, na pinyoni, kipande kifupi kama ua la mgomba, kinachouleta mzunguko wa injini na kuupindisha kuelekea magurudumuni. Mzee alihesabu meno kwa ukucha. Krauni 37, pinyoni 9. Hakuna namba inayogawanya zote mbili isipokuwa moja, kwa hiyo hakuna jino linalojichagulia rafiki. Kila jino la pinyoni hukutana na kila jino la krauni, makutano 333, ndipo duru ianze upya. Uchakavu unagawanywa sawa kwa wote. Halafu akanionyesha namba iliyochorwa pembeni ya krauni, na namba ileile kwenye pinyoni. Vilisagwa pamoja kiwandani na vinauzwa pamoja. Ukiharibu kimoja unanunua viwili.

Shemeji alikuwa ameshatoa simu. Gerezani, kule Dar, kuna difu zima la mtumba kutoka Japani, alisema, linaweza kupakiwa kwenye basi usiku huo na kesho mchana likawa hapa. Nilikubaliana naye kimoyomoyo. Ndivyo tunavyoishi Dar: simu ikipasuka kioo tunanunua simu, kiti kikilegea mguu tunanunua kiti. Kutengeneza kumekuwa kazi ya yule asiye na njia nyingine.

"Litakuja," mzee akajibu bila kukasirika. "Nalo litakuwa limepimwa na nani?"

Simu ikarudi mfukoni.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Alichukua poda nyekundu ya sakafu, ile inayotiwa kwenye saruji ya vibaraza vyetu, akaidondoshea oili, akakoroga mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto. Kwa mswaki wa zamani akayapaka meno manne ya krauni, akasogea theluthi ya duara akapaka mengine, akasogea tena. Kisha kijana akaibana krauni kwa kipande cha ubao ili izunguke kwa ubishi, na mzee akaizungusha pinyoni, mbele na nyuma. Walipoacha, kila jino lililopakwa lilikuwa na doa: mahali ambapo rangi imefutwa na mguso, chuma kikichungulia.

"Soma," akaniambia.

Sikuona cha kusoma. Akanifundisha alfabeti yake. Jino lina kilele na lina shina. Lina ncha ya ndani, iliyo karibu na kitovu cha krauni, na kisigino cha nje. Doa likikaa kileleni, pinyoni imesimama mbali. Likizama shinani, pinyoni imeingia mno. Hapo dawa ni shimu, ile pete nyembamba inayokaa nyuma ya kichwa cha pinyoni: ongeza unene isogee, punguza irudi. Doa likikimbilia ncha ya ndani, krauni imeisogelea pinyoni kupita kiasi. Likikimbilia kisigino, imejitenga. Hapo unazungusha nati mbili za pembeni, unalegeza moja na kukaza nyingine kwa hatua zilezile, krauni inahama kama mtu anayesogea kwenye benchi.

Doa letu lilikuwa kileleni kabisa, uzi mwembamba ukingoni mwa jino. Mafundi wa mjini walitia beringi mpya na kurudisha shimu ya zamani bila kupima. Beringi mpya ikakaa tofauti kidogo na ile iliyotoka, na pinyoni ikabaki mbali na mwenzake kwa unene ambao jicho haliuoni. Kwa wiki tatu mzigo wote wa gari, pamoja na mimi na magunia mawili ya zawadi, ulikuwa umebebwa na ukingo ule. Zumari niliyoisikia Ruaha Mbuyuni ndiyo ilikuwa sauti yake.

Kuibadilisha shimu ni lazima beringi ing'olewe kwenye shingo ya pinyoni, kisha irudishwe. Giza likaingia, tukaambiwa tutafute gesti.

Usiku tulikula wali wa Usangu kwa maharage na mboga ya maboga, punje ndefu na harufu yake ilitangulia sinia. Mzee alikuja kutuangalia kama tumepata pa kulala, akakaa, akakubali chai. Alianza kazi akiwa kijana mdogo, utingo kwenye malori ya mafuta. Waziri Mkuu Smith alipojitangazia uhuru wa upande mmoja kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta ya kusini, na mapipa yakaanza kupita hapa, kutoka bandari ya Dar hadi Lusaka, kwenye barabara ya vumbi na matope. Ilipachikwa jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta lilipoanza kazi mwaka 1968 nafuu ilikuja, lakini yeye alikuwa ameshajifunza. Difu likikatika porini huna Gerezani ya kupigia simu. Unalala chini ya lori na kusoma meno kwa tochi, na ukikosea utalirudia difu lilelile kilomita hamsini mbele.

"Vijana wote wanajua kukaza," alisema akipuliza chai. "Kaza, kaza. Ukimpa spana anaona kazi ni kukaza tu."

Asubuhi akina mama walikuwa wakianika mpunga kwenye maturubai, wakiupindua kwa miguu, mistari kwa mistari. Mezani, shimu mpya ilikuwa imeshaingia na rangi imepakwa upya. Doa la pili lilizama shinani. Nikafikiri wamekosea, mzee akafurahi. Sasa alijua mipaka miwili, ya juu na ya chini, na jibu liko katikati. Akafungua kopo la maziwa lililojaa shimu za magari yaliyokufa, akazipima moja moja kwa maikromita na kuzirudisha, mpaka akaipata moja aliyoipenda. Beringi ikang'olewa tena, ikarudishwa tena. Kijana wake hakunung'unika. Shemeji alinung'unika kwa niaba ya wote.

Doa la tatu lilikaa tumboni mwa jino, refu na la mviringo, kama punje ya mchele iliyovimba kwa maji. Halikuwa katikati kabisa, lilielekea kidogo ncha ya ndani. Nikalionyesha kwa kidole, nikidhani nimepata kosa. "Hapa mezani halijabeba kitu," mzee akasema. "Likipandishwa mlimani na mzigo, litajivuta lenyewe kuelekea nje. Ukiliweka katikati sasa, kule juu litakuwa pembeni."

Halafu akaweka geji yenye mshale kwenye jino la krauni, akaishika pinyoni isitikisike, akaisukuma krauni huku na huku. Tik. Tik. Huo ndio mafundi wanaouita mchezo: ile nafasi ambayo jino linatembea kabla ya kumgusa mwenzake. Kwa difu hili alitaka milimita 0.15 hadi 0.20, karibu karatasi mbili za daftari. Bila mchezo, chuma kikipata joto kinatanuka, oili inakosa pa kupita, meno yanachomana. Mchezo ukizidi, kila ukikanyaga mafuta meno yanapigana ngumi mpaka moja linang'oka. Mshale ulisimama kwenye 0.17. Alikaza vifuniko, akapima tena, maana kukaza nako huhamisha, mshale ukarudi palepale.

Kabla ya kufuta rangi alibandika ukanda wa selotepu juu ya jino, akaubandua na ile alama nyekundu, akaugandisha kwenye daftari la shule lenye jalada la kuchakaa. Daftari lilikuwa limejaa. Kila ukurasa alama, aina ya gari na tarehe. Nilimuuliza kijana kama naye ana lake. Akacheka, akasema yeye hupiga picha kwa simu. Mzee hakusema neno, lakini nilimwona akiusogeza mswaki na kopo la rangi upande wa kijana, ili la gari linalofuata alipake yeye.

Tuliianza Hamsini na Saba saa tisa alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kutazama mandhari, kumbe nilipanda nikisikiliza. Kona ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya. Gurudumu la nje lilikimbia, la ndani likangoja, nikakumbuka mpini wa jembe. Shemeji alihesabu kona kwa sauti mpaka thelathini na kitu, akapotea hesabu, akaanza kumsifu mzee kwa utaratibu wake, vilevile alivyowasifu wale wengine kwa wepesi wao. Jabali lililolowa upande mmoja, upande mwingine hewa tupu, na chini yake Usangu yote imetandikwa kama mkeka, vijito vya kutoka milima hii vikielekea Ruaha Mkuu, hadi Mtera na Kidatu ambako hugeuka umeme na kuwasha taa zetu za Dar. Juu, joto lilikatika ghafla. Ukungu, moshi wa kuni, mashamba ya viazi yaliyobandikwa kwenye miteremko ambayo mbuzi wa Tanga angeiogopa.

Kesho yake tulikwenda Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Ilikuwa Februari, maua yameshika uwanda wote, njano, zambarau, meupe, kwenye nyasi zisizo na mti. Nikaambiwa kuwa chini ya baadhi ya maua yale ya okidi kuna viazi vidogo, vinavyochimbwa kwa siri na kuvushwa Zambia, ambako hutwangwa na karanga, vikapikwa chikanda, kinachokatwa vipande kama nyama. Babu wa shemeji alivifahamu viazi vile kama kitu cha kutafuna machungani. Walaji walipoongezeka ng'ambo ya mpaka, uwanda ukaanza kuchimbika.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya kwanza Matamba. Mama mkwe alinikaribisha akiwa mlangoni mwa jiko la nje, nami nikiwa uani. Nilisogea kumsalimu, naye akarudi hatua, bila kinyongo, jinsi mtu anavyompisha mwenye mzigo. Nikasimama. Tukaamkiana kutoka pale, kwa kirefu: watoto, safari, baridi, wazazi wangu Tanga. Kwetu shangazi zangu huwatania wakwe zao hadharani na kuwapokonya kijiko mkononi. Katika nyumba hii mkwe na mama mkwe wana nafasi yao. Viazi vya kuchemsha, maharage na nyama ya kukaanga vilipoiva hakunipa mkononi. Aliweka sahani kwenye kigoda katikati yetu, akarudi jikoni, ndipo nikaenda kuichukua. Shemeji, huku akimimina ulanzi, alinitazama kuona kama nimeumia.

Sikuumia. Nilikuwa nakipima kile kigoda kwa macho. Nilijua nikikisogeza karibu na jiko ningekuwa mtovu wa adabu, na nikikivuta hadi kwangu ningekuwa mgeni tu. Nikala nikiwa nimekaa pale kilipowekwa. Chakula kilikuwa kingi, chumvi yake sawasawa, na kipande kikubwa cha nyama kilikuwa kimefichwa chini ya viazi.

Nilipoamka, baridi ilikuwa imekaza madirisha na moshi wa jiko unapita uani, hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Simu ikatetemeka chini ya mto. Ilikuwa WhatsApp, ujumbe wa sauti, wa kwanza kuupata kutoka namba ile. Nyuma ya maneno nilisikia sufuria ileile niliyokuwa nikiisikia ukutani.

"Mkwe," ikasema sauti ya mama, "umelalaje? Chai iko kwenye kigoda."